Mrejesho: Sinema ndogo na tamthilia London

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza wapi London naweza kuona filamu na tamthilia bila kuumia mfukoni. Nimesharudi, asanteni sana.

Sinema ya Prince Charles, jirani na Leicester Square, ina kumbi mbili tu na huonyesha sana filamu za zamani. Nimeipenda. Sinema ya Rio, eneo la Dalston, nilipita haraka.

Ila ukumbi wa tamthilia wa Globe jamani! Ulifunguliwa 1997 kwa mfano wa ukumbi wa enzi za Shakespeare. Tiketi nafuu ni za kusimama uani, ambako hakuna paa na miavuli hairuhusiwi. Aliyenishauri nibebe koti la mvua, Mungu ambariki. Tulinyeshewa, lakini mwigizaji alipita karibu yangu mpaka nikasikia anavyohema.