Ini la kaka yangu lilikaa kwenye baridi masaa 10 na nusu kabla ya kupandikizwa, kuna usalama hapo?

Mwana_Pangani

Wakuu habari za usiku. Naomba wenye uelewa wa mambo ya hospitali mnisaidie maana tangu juzi usingizi haunikai. Kaka yangu mkubwa tuko nae huku Uingereza, amehangaika na ini miaka mingi, homa ya ini B aliyoishi nayo bila kujua ikaja kulikakamaza ini lote, tumbo linajaa maji wanayatoa linajaa tena. Jumanne usiku akapigiwa simu kwamba ini limepatikana, la mtu ambaye ubongo ulishakufa lakini moyo bado ulikuwa unapiga. Tukaenda mbio. Jumatano jioni wakamaliza na sasa hivi yuko ICU.

Kilichoniondolea raha ni hiki, daktari alipokuja kutupa maelezo akasema operesheni imeenda vizuri ila kulitoa ini la zamani kumechukua muda kuliko walivyotegemea, kaka alishapasuliwa tumbo miaka ya nyuma sasa ndani kulikuwa kumeshikana vibaya, kwa hiyo ini jipya likawa limekaa kwenye baridi masaa 10 na nusu. Alisema kwa upole tu akaendelea na mengine. Mimi nilivyotoka pale nikaingia kwenye simu nikakuta mahali pameandikwa ini lisizidi masaa 8. Sijamwambia shemeji, wala mama aliyeko Tanga sijamwambia. Je ini lenyewe limeshaharibika? Na hivi kweli baridi si ndo inatunza, nyama tunaweka kwenye friji wiki nzima, kwa nini ini lishindwe siku moja?

NesiWaThieta

Pole sana ndugu yangu, na hongera kwa kaka kupata ini maana wapo wanaoisubiri hiyo simu mpaka wanaondoka. Mimi ni nesi wa thieta, huu mwaka wa saba nipo kwenye timu ya upandikizaji ini huku Ulaya, nikujibu ninachokijua.

Nyama ya buchani imeshakufa, tunachozuia ni isioze tu. Ini tunataka liamke lifanye kazi. Likiwa kwenye nyuzi 4 halijalala kabisa, linaishi polepole, kila ukishusha joto kwa nyuzi 10 mahitaji yake yanapungua karibu nusu lakini hayafiki sifuri. Sasa oksijeni haiji, akiba ya nguvu ndani ya seli inaisha kidogo kidogo, zile pampu zinazotoa chumvi nje zinasimama, maji yanaingia seli zinavimba, na utando wa ndani wa vijishipa vidogo vya ini ndo unaumia zaidi kwa baridi. Halafu kipigo kikubwa hakiko hata kwenye baridi, kiko pale damu ya moto inaporudi. Chukulia mkaa uliofunikwa na majivu, umetulia, ukifukua ghafla upepo ukaingia unalipuka. Taka zilizorundikana masaa yote zinakutana na oksijeni kwa mpigo mmoja na hapo seli zinaumia. Kadiri ini lilivyokaa muda mrefu ndivyo mlipuko unavyokuwa mkubwa, ndo maana masaa yanahesabiwa, tunaanza pale mshipa mkuu wa mtoaji unapobanwa na maji ya baridi kumiminwa ndani.

Hiyo namba ya masaa 8 ina historia. Thomas Starzl alijaribu upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu mwaka 1963 kule Denver, na kwa miaka mingi baadae maji waliyokuwa wanasafishia ini yaliitwa Euro-Collins, kwa maji yale ilikuwa ukipita masaa 6 mpaka 8 unacheza pabaya. Watu walikuwa wanapasua usiku wa manane kwa kukimbizana na saa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Belzer na Southard wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaleta maji yao, tunayaita UW mpaka leo, yana molekuli kubwa kubwa zisizopenya kwenye seli kwa hiyo seli haivimbi hovyo. Hapo muda ukarefuka. Leo kwa ini zuri la mtu aliyekufa ubongo, vituo vingi vinakubali mpaka masaa 12, ingawa kila mtu anapenda iwe chini ya hapo. Kwahiyo 10 na nusu sikufichi ni ndefu kidogo, ila sio kwamba wamelipandikiza ini lililokwisha.

kijana_wa_Ilala

Samahani mkuu naomba niulize, si wangeligandisha kabisa kama wanavyogandisha mbegu za ng'ombe?

NesiWaThieta

Swali zuri mdogo wangu. Mbegu ni seli moja moja, ini lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, maji ndani yakigeuka barafu zile chembe zinachana kila kitu kama vipande vya chupa. Ndo maana hata kwenye boksi tunaliweka kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, ili barafu isiliguse ini lenyewe. Watafiti wa Boston mwaka 2019 walifanikiwa kushusha ini la binadamu mpaka nyuzi 4 chini ya sifuri bila kuganda wakalitunza masaa 27, ila hayo yalikuwa majaribio ya maabara, hawakumpandikiza mtu.

Daktari_Mtaratibu

Nesi ameeleza vizuri, mimi niongezee sehemu moja tu ambayo ndugu wa mgonjwa wengi hawaambiwi. Masaa sio tarehe ya kwisha muda kama ya maziwa, kwamba saa 8 zima saa 9 bovu. Ni mteremko. Wamarekani walichambua mapandikizo zaidi ya 20,000 wakachapisha mwaka 2006, ikaonekana kila saa moja ya ziada kwenye baridi inaongeza hatari ya ini kufeli kwa kama asilimia 1 hivi. Mtoaji aliyevuka miaka 60 alikuwa anaongeza hatari kwa zaidi ya asilimia 50 ukimlinganisha na mwenye chini ya 40, na mtoaji ambaye moyo ulishasimama kabla ya kutolewa kiungo vilevile karibu nusu nzima. Kwa hiyo swali la kwanza liwe ini lenyewe lilikuwa la namna gani, masaa yanafuata. Ini lenye mafuta mengi halivumilii baridi, na lile la moyo uliosimama limeshaumia kwa joto kabla hata barafu haijaligusa, hayo ndo tunayaogopa kuyapitisha masaa 8. La kaka yako umesema ni la kifo cha ubongo. Hiyo ni nafuu kubwa, ishike.

Kwa wanaofuatilia mambo, kuna mashine siku hizi. Oxford walifanya jaribio la maini 220 likatoka mwaka 2018, nusu yalikaa kwenye barafu nusu kwenye mashine inayozungusha damu ya joto, yale ya mashine yakaonyesha jeraha pungufu kwa nusu japo yalitunzwa muda mrefu zaidi. Waholanzi nao wakatumia mashine ya baridi yenye oksijeni kwa maini ya moyo uliosimama, matokeo ya 2021, kuziba kwa mirija ya nyongo kukashuka kutoka asilimia 18 mpaka 6. Binafsi naona hapo ndipo kazi hii inapoelekea, na kinachouma ni bei, mashine zenyewe ghali na nchi zetu zitachelewa kuzipata.

MtotoWaMzee

Mwana_Pangani pole sana, najua hiyo hali ya kukaa koridoni unasoma simu. Mimi mzee wangu tulimpeleka India 2019 nikamtolea kipande cha ini langu. Kule unaingia wewe mtoaji kwanza, yeye yuko chumba cha pili, wakishakata wanakisafisha wanavuka nacho mlango wanakishona, nilikuja kuambiwa hakikukaa kwenye baridi hata masaa mawili. Na bado siku nne za mwanzo mzee macho yalikuwa njano tukawa tunalia. Nasema hivi ujue kwamba ini kuchelewa kuamka haina maana baridi imelimaliza, hata langu lililotoka moto moto lilichukua muda wake. Leo anachunga mbuzi wake Singida.

Mwana_Pangani

Jamani Mungu awabariki, nimesoma mara mbili mbili. Leo jioni nesi wa ICU kaniambia lakteti imeshuka kutoka 5 na kitu asubuhi ya kwanza mpaka 1.8, na kwamba ile enzaimu ya AST ilifika elfu moja mia nne sasa inashuka. Sikuelewa nikaogopa kumuuliza nisionekane msumbufu. Hii AST elfu moja si kubwa sana??

NesiWaThieta

Muulize tu, kazi yake ni hiyo, na wanapenda ndugu anaeuliza. Lakteti ni asidi inayorundikana kwenye damu, ikishuka maana yake ini limeshaanza kusafisha damu, mimi hiyo ndo ninayoiangalia ya kwanza kabisa. AST siku mbili za mwanzo lazima ipande, ni zile seli zilizoumia baridi na damu iliporudi zinamwaga vilivyomo, kinachotakiwa ni ipande ishuke. Ikikataa kushuka au ikipanda mara ya pili hapo ndo madaktari wanakimbia.

Kesho uliza mawili. INR, kile kipimo cha damu kuganda, iko ngapi, maana ini ndo linatengeneza vya kugandisha damu na hiyo haidanganyi. Na ultrasaundi ya ateri ya ini imeonyesha damu inapita vizuri? Mirija ya nyongo inategemea ateri hiyo peke yake. Halafu jambo la mbele, madhara ya baridi kwenye mirija ya nyongo yanaweza kujificha wiki hata miezi, kwa hiyo akisharudi nyumbani akianza kuwashwa mwili, macho njano, mkojo mweusi au homa na baridi, msisubiri kliniki, pigeni simu siku hiyo hiyo.

Mwana_Pangani

Nimeandika yote kwenye karatasi, INR na ateri. Raundi yao ni saa tatu asubuhi, nitakuwepo mapema. Shemeji nimemwambia usiku huu yale masaa, nikamsomea na majibu yenu, kalia kidogo halafu kalala.