Kumwaga oili ya pikipiki mwenyewe au kumpa fundi: ipi nafuu?

Mpanda_Goba
Wakuu, salaam. Nina Boxer 150, naitumia kwenda kazini Mwenge na kurudi Goba. Kwa wiki haizidi kilomita 150. Fundi wa kijiweni ananitoza 2,000 kumwaga oili, na oili nanunua mwenyewe 13,000. Jirani yangu kila akiniona ananiambia natupa hela, ninunue spana nimwage nyumbani. Dukani nako kuna kijana anamwaga bure ukinunua oili kwao. Nipeni hesabu wakuu, si maneno ya vijiweni.

Soketi_17
Hesabu yako fupi mkuu. Kilomita 150 kwa wiki ni kama 7,800 kwa mwaka. Ukimwaga kila kilomita 2,000, hiyo ni kama mara nne. Mara nne kwa 2,000 ni 8,000 kwa mwaka mzima. Mimi soketi na mpini wake nilinunua 9,000 Kariakoo, na washa, ile pete ya bolti ya kumwagia oili, ni 500 kila nikimwaga. Maana yake mwaka wa kwanza unapata hasara, wa pili unaanza kula faida ya soda mbili tatu. Jirani yako ana nia njema ila hesabu hajapiga.

Boda_Kimara
Hiyo ni hesabu ya mtu wa ofisini, usitupeleke wote huko. Mimi nakula kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Namwaga kila kilomita 1,000, kwa hiyo mara tatu kwa mwezi. Ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Hapo tairi la nyuma lipo. Na sijahesabu foleni ya kwa fundi asubuhi, unakaa nusu saa unaangalia abiria wako wanapanda kwa mwenzako. Siku hizi namwaga usiku nikirudi, injini bado ina moto, oili inashuka yote. Dakika kumi nimemaliza.

Soketi_17
@Boda_Kimara hapo sikupingi. Kwako soketi inajirudisha ndani ya miezi miwili.

Dada_Gia_Tano
Mbona hakuna anayetaja gharama ya kukosea? Mara ya kwanza kumwaga mwenyewe nilikaza ile bolti kama nafunga nati ya lori. Nilitaka isivuje. Nikasikia inakaza, inakaza, halafu ghafla ikawa laini. Wanaojua wanaijua hiyo laini. Tumbo la injini ni aluminiamu na bolti ni chuma, kwa hiyo zilizolika ni nyuzi za injini, ile mistari ya tundu inayoshika bolti. Kuchongewa nyuzi upya na kuwekewa bolti kubwa zaidi nililipa 35,000, na pikipiki ikalala siku mbili. Hiyo ni miaka minne ya 8,000 za @Mpanda_Goba imeondoka kwa nguvu za mkono mmoja.

Tangu hapo nafunga kwa vidole kwanza mpaka ifike mwisho, ndipo nashika spana karibu na kichwa, si mwishoni mwa mpini. Nikiona inaanza kushika, namalizia kidogo tu naacha. Washa mpya ndiyo inayozuia kuvuja, siyo misuli.

Mzee_wa_Plagi
Pole binti yangu. Ila hata fundi anaua nyuzi, tena yeye hakwambii. Mimi ilikuja kugundulika kwa fundi wa pili: bolti imezungushiwa nailoni. Nani aliifanya, hakuna aliyejua.

Sasa tuje kwenye hii ya bure. Kijana anayemwaga bure anapata faida kwenye oili, na hapo ndipo pa kufungua macho. Kuna oili ya kupima kutoka kwenye pipa, na kuna chupa zilizokwisha kutumika zikajazwa tena. Pikipiki zetu hizi, oili ndiyo hiyo hiyo inaogesha injini, gia na klachi. Ukiwekewa oili ya gari ile yenye dawa za kupunguza msuguano, klachi inaweza kuanza kuteleza: unavuta mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi. Utabadili sahani za klachi ukidhani zimezeeka. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, yaani alama ya oili ya pikipiki ambayo klachi yake inaoga oili, na unene ule wa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Fungua mfuniko mwenyewe. Ikiisha, toboa chupa kabla hujaitupa, maana kuna wanaoziokota.

Mimi kumwaga mwenyewe sifanyi kwa ajili ya ile 2,000. Nataka kujua kilichoingia.

Boda_Kimara
Mzee umesema. Na kipimo pia. Wenye injini za muundo wa Honda CG125, kumwaga na kujaza ni kama lita 0.9, ile lita nzima ya chupa haimaliziki. Fundi anamimina yote kwa sababu umeshalipia. Pima pikipiki ikiwa wima, siyo imelalia stendi ya ubavu, itakudanganya.

Mpanda_Goba
Kwa hiyo kwangu mimi hela haipo, ila usalama upo. Vyombo vingine vinahitajika?

Dada_Gia_Tano
Dumu la lita tano, likate ubavu, linaingia vizuri chini ya injini. Chupa ya maji ikate kitako, shingo yake ndiyo utamiminia. Na vaa soksi za mkononi kaka, oili ikiwa ya moto haina utani.

Soketi_17
Oili chafu usimwage mtaroni. Irudishe kwenye chupa, mafundi seremala wanaitafuta ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa.

Mpanda_Goba
Wakuu, mrejesho. Jumamosi nimemwaga mwenyewe. Soketi nimeazima kwa jirani, yule yule. Nimevuta bolti, ikaniponyoka ikazama ndani ya dumu, nikaitafuta kwa mkono kwenye oili ya moto. Kabla ya kufunga nikaona washa ya zamani imebanwa mpaka imekuwa kama karatasi, na fundi wangu alikuwa ananiambia anabadili kila mara. Jumapili asubuhi nimeangalia chini ya injini, sakafu kavu. Nina chupa moja ya oili chafu hapa, seremala wa maeneo ya Goba aje PM.