Granada: muongozaji wa peke yetu, kundi dogo, au matembezi ya bakshishi? Naombeni ulinganisho

Baba_Wawili
Wakuu habari za saa hizi. Mwezi wa nne tunaenda Granada, Hispania, familia nzima, tunatokea Uholanzi tunakoishi, mimi na mke wangu, watoto wawili (14 na 10) na bi mkubwa wangu anakuja toka Tanga. Ana miaka 68 na goti moja linamsumbua. Yeye ndo mwenye safari, habari za Andalus, ile Hispania ya Waislamu, kazisikia tangu yuko madrasa mdogo, tulipomuuliza anataka kuona nini Ulaya akasema Paris hana shida nayo, apelekwe kwenye ile ngome nyekundu, Alhambra.

Sasa tutakuwa na siku mbili pale na nimekwama kwenye machaguo matatu. La kwanza mwongoza watalii binafsi, matembezi ya masaa matatu, kaniambia yuro 190 familia nzima, tiketi za Alhambra tununue wenyewe. La pili kundi la watu wasiozidi kumi, tiketi imo humohumo, 55 mkubwa na 40 mtoto. La tatu yale matembezi ya mjini wanaita ya bure, unatoa bakshishi mwisho, halafu Alhambra tunaingia wenyewe na kile kimashine cha sikioni kinachokupa maelezo. Mke wangu anasema 190 ni kujitia utajiri. Waliokwenda nisaidieni, picha za instagramu nimeshaziona za kutosha.

Mpiga_Hesabu
Kaka piga hesabu vizuri kabla hujagombana na shemeji. Kundi dogo: wakubwa watatu mara 55 ni 165, watoto wawili 80, jumla 245. Binafsi: 190 ongeza tiketi, ya kawaida ni kama yuro 20 na kitu kwa mkubwa, wa miaka 14 ana punguzo, wa miaka 10 halipi (chini ya 12 bure, ila lazima naye umchukulie tiketi yake, usimsahau). Inafika kama 265 au 270. Kwa hiyo mnabishania yuro ishirini na ushee tu. Mngekuwa wawili ningesema achana nayo, lakini bei ya mtu binafsi ni ya kundi sio ya kichwa, mkifika wanne watano ndo inaanza kuingia akilini.

Wafula_KE
Wasee hebu niwatetee hawa wa bakshishi kidogo. Mimi nilienda na mabeshte zangu, tukachukua ile ya bure asubuhi kutoka Plaza Nueva, na enyewe ilikuwa poa sana, jamaa alikuwa mcheshi na anajua mji wake, alituonyesha Corral del Carbón ambayo ni kama nyumba ya wafanyabiashara ya karne ya 14, mizigo chini wenyewe wanalala juu, alafu akatupitisha Alcaicería pale palikuwa soko la hariri kabla liungue 1843 wakajenga upya. Mtu hutoa kumi hivi, ama kumi na tano kama ameipenda. Shida ni mbili: tulikuwa watu wengi, ukiwa nyuma husikii kitu, na hayo matembezi hayaingii kwa majumba ya Alhambra. Alhambra tuliingia na kimashine, nikakitoa kwa sikio tukiwa hata hatujafika katikati, juu ya vile kinaongea kama mwalimu wa jiografia. Kwa vijana, chukua ya bure. Kwa mama mwenye goti, sijui boss, hao jamaa hawangojei mtu.

BintiUnguja
Assalaam alaykum. Baba Wawili mimi naomba nikuulize jambo moja ambalo naona kila mtu kalipita, huyo bi mkubwa Kizungu anakisikia?

Baba_Wawili
Waalaykum salaam dada. Hapana. Kiswahili, na Kiarabu cha kusoma msahafu, mazungumzo ya Kiarabu hayajui.

BintiUnguja
Basi ushajibiwa. Kwenye lile kundi la watu kumi mnavishwa hedfoni kila mtu sikioni, muongozaji anaongea bila kituo kwa sababu saa ya kuingia kwenye majumba ya Nasrid, yale ya masultani humo Alhambra, imeandikwa kwenye tiketi na hawachezi na saa ile. Wewe sasa umtafsirie mama saa ngapi? Ukimtafsiria sentensi moja yeye keshasema tatu, na wale Wajerumani waliolipa 55 zao wanakugeukia na macho. Nilimchukua mama yangu mzazi, tukawa na muongozaji wa peke yetu mwanamke wa palepale, nikamwambia tangu mwanzo dada mimi nitakuwa natafsiri, akawa anasema kidogo ananyamaza ananingoja. Mama akimaliza kuuliza masuali yake nami namrudishia. Khasa kile kungojana ndicho nilichokilipia.

Halafu zile kuta, ndugu yangu. Mama alisimama pale akawa anazisoma mwenyewe kwa kidole hewani, wa laa ghaaliba illa llaah, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, imeandikwa juu ya ukuta, chini ya ukuta, kwenye matao, kila unapogeuka ipo, ndiyo iliyokuwa kauli ya masultani wa Nasrid. Yule mwanamke alipoona mama anasoma akabadilisha njia yote aliyopanga, akaacha mambo ya wafalme akatupeleka maandishi kwa maandishi, mpaka kwenye lile beseni la simba kumi na wawili ambalo ukingo wake wote umezungukwa na shairi la Ibn Zamrak kuhusu maji yenyewe yanavyotiririka, na bwana huyu Ibn Zamrak alikuwa waziri wa Sultan Muhammad wa Tano aliyeijenga sehemu ile. Kundi lile jengine lilitupita pale hata dakika tano halikukaa.

Mzee_Kobe
Naheshimu aliyosema Binti Unguja ila mimi nitaenda kinyume. Kama pesa ni ya muongozaji mmoja mara moja, usiitumie Alhambra, itumie Albaicín, ule mtaa wa kale wa Waislamu mlimani. Nasema hivi kwa sababu Alhambra kila kitu kina kibao, kimashine kipo, vitabu vipo, video mtandaoni hazihesabiki, na hata ukiwa hujui chochote ukiingia ule ukumbi wa mabalozi ukainua kichwa ukaona dari ya mbao, vipande zaidi ya elfu nane vimeungwa vikaonyesha mbingu saba, hauhitaji mtu wa kukuambia ni pazuri. Albaicín ni vichochoro vyeupe tu na kuta. Unapita mlangoni kwa nyumba ya mama yake Boabdil, sultani wa mwisho wa Granada, inaitwa Dar al-Horra, hujui. Unapita kanisa la San Salvador hujui kwamba lilipo palikuwa msikiti mkuu wa mtaa na ule uwanja wa ndani wa msikiti bado upo. Visima vya zamani vile vya kuhifadhia maji viko kona hii na kona ile, vya matofali, watu wanaegemea wanavuta sigara. Bila mtu wa kukuonyesha ni kupanda ngazi na kupiga picha.

Na nikuongezee, mtu aliyezoea Mji Mkongwe au Lamu au Mombasa ya zamani, Albaicín ataielewa haraka kuliko Mhispania, nyumba zimegeuza mgongo barabarani na bustani iko ndani, wao wanaita karmen. Mama ataipenda.

Wafula_KE
Mzee lakini goti? Hiyo Albaicín ni mlima bana, na chini ni vile viwe vidogo vya mto vimesimamishwa wima, mimi mwenyewe na raba zangu nilikuwa natembea kama kuku kwa matope.

Mzee_Kobe
Hapo umenishika. Lakini dawa ipo, kuna vibasi vidogo vyekundu, C31 inatoka Plaza Nueva inapanda Albaicín, na C30 na C32 zinakwenda Alhambra. Unapanda na basi unashuka kwa miguu taratibu. Wengi wanafanya kinyume, wanapanda Cuesta de Gomérez, ile barabara ya mlima ya kwenda Alhambra, kwa miguu kwa sababu ramani inaonyesha karibu, wanafika juu wameshachoka kabla hawajaona hata ukuta.

Bukoba_Bilbao
Mimi nipo Hispania muda sasa, naongezea ya kiofisi kidogo. Andalucía mwongoza watalii anatakiwa awe na kibali rasmi cha serikali ya jimbo, na ana kitambulisho chake. Muombe akutumie picha ya kitambulisho kabla hujatuma hela ya awali, aliye halali haoni tabu. Ndani ya Alhambra ndo kabisa, asiye na kibali akikamatwa anaelezea wageni anaondolewa, na nyie mnabaki mmesimama.

Tiketi sasa. Usingoje mpaka ufike. Zinauzwa kwa jina na namba ya paspoti, ya kila mmoja, na paspoti mnazionyesha mlangoni, na hata watoto. Mwezi wa nne ni msimu, majumba ya Nasrid yanaisha mapema mno kuliko sehemu nyingine, unaweza kukuta tiketi ya bustani na ngome ipo lakini ya majumba hakuna, na hiyo bila majumba ni kwenda harusini ukaishia getini. Kwa hiyo utaratibu ni: kwanza tiketi, upate saa yako ya Nasrid, ndipo umwambie muongozaji tukutane saa fulani. Ukifanya kinyume utalipa muongozaji halafu mnatazamana. Cheki pia wiki ya Pasaka imeangukia wapi, maana maandamano yao ya kidini yanafunga mitaa ya katikati kuanzia mchana hadi usiku mnene, ni kitu cha kuona lakini na mtu mwenye goti sikushauri.

Baba_Wawili
Aisee hii ya tiketi kwanza sikuijua, ahsante sana mkuu. Na wa kundi dogo ukimuuliza saa ya Nasrid anasema "tutawajulisha siku moja kabla". Ni kawaida?

Bukoba_Bilbao
Ni kawaida, ndivyo wengi wanavyofanya maana wanapangiwa kulingana na tiketi walizopata. Kwa vijana haina neno. Kwa mtu anayehitaji kula kwa wakati na kumeza dawa kwa wakati, ni kero.

BintiUnguja
Kuhusu goti. Muombe muongozaji mkutane Puerta de la Justicia, lile lango kubwa la 1348, sio kule mlango wa juu kwenye madirisha ya tiketi. Mkiwa mmeshanunua tiketi hamna haja ya kwenda kule, na hapa mko karibu na majumba ya Nasrid. Generalife, ile bustani, ni mbali kutoka pale, muifanye mwisho na kama mama kachoka mkae naye kwenye kasri la mfalme Karlo wa Tano humohumo Alhambra, kivuli kipo na hakuna kiingilio, watoto waende na baba yao. Mnara wa Alcazaba, ile sehemu ya ngome, mama asipande, ngazi nyingi. Muongozaji wa peke yenu ukimwambia haya mapema anapanga, wa kundi hawezi, si kwa ubaya.

Na mambo ya swala, juu Albaicín jirani na ile sehemu ya San Nicolás kunakojaa watu machweo kuna msikiti, umefunguliwa 2003, bustani yake inatazamana na Alhambra uso kwa uso. Mpelekeni adhuhuri au alasiri kwa C31. Hapo hapahitaji muongozaji wala kiingilio. Mkimaliza shukeni mpaka mtaa wa Calderería mle, kuna mikahawa ya Wamoroko. Baa za kawaida mkiagiza soda tu mnaletewa kisahani cha chakula bure, ndio desturi ya Granada, ila mara nyingi kina nguruwe, semeni "sin cerdo", yaani bila nguruwe, kabla hakijaja.

Chaurembo
Mie sijafika ila nasoma tu uzi. Bi mkubwa akiwa Mtanga anayependa historia mwambieni Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 ndo huyohuyo aliyefika Granada miaka kama ishirini baadaye. Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa hakuonana naye, mama yake sultani ndo akampelekea dinari za dhahabu. Na aliyekuja kuandika safari zake, Ibn Juzayy, alikuwa mtu wa Granada, walikutana hapohapo. Muongozaji muulizeni hilo muone kama anajua kazi yake.

Baba_Wawili
Chaurembo hiyo nimemsomea kwenye simu sasa hivi, kacheka kasema basi mama wa sultani alikuwa na adabu.

Nimeongea na shemeji yenu, hesabu ya Mpiga Hesabu imemlainisha. Tunamchukua wa 190 kwa Alhambra, tunakutana lango la Justicia, nimeshamtumia ujumbe kuwa kutakuwa na kutafsiri na mapumziko, kajibu hana shida na kitambulisho katuma bila maneno. Mzee Kobe nimekusikia, Albaicín tutapanda na kibasi, yule wa miaka 14 nitampeleka kwenye ile ya bakshishi asubuhi ya pili wakati bibi anapumzika, tukiachwa nyuma tutakimbia. Swali la mwisho, kuna wale kina mama niliosoma wanagawa majani kanisani?

Wafula_KE
Haha hao wako karibu na kanisa kuu, wanakupea tawi la rozimari kama zawadi, ukishika wanashika mkono wako wanaanza kukusomea nyota alafu wanadai pesa. Mikono mfukoni, tabasamu, endelea kutembea. Mwambie cucu asipokee, wazee wetu wakipewa kitu kukataa wanaona haya.

Bukoba_Bilbao
Na tiketi nunua leo usiku, sio kesho.