Uvimbe wa pafu: mionzi ya ndani au ya nje, ipi inampa mgonjwa nafuu?

KirumbaJuu
Wakuu, shikamooni wakubwa. Baba mkwe wangu, mvuvi wa Ukerewe, ana uvimbe kwenye pafu la kulia. Anakohoa damu, akiongea sentensi mbili lazima atulie avute pumzi. Daktari katuambia wazi kwamba kupona hakupo, mionzi itampunguzia shida. Mimi nataka tuanze na ya nje, ile ya mashine inayopiga kifua kutoka nje ya mwili, pale hospitali ya Bugando, Mwanza. Shemeji kasikia kuna ya ndani, inawekwa humo humo kwenye uvimbe, anasema hiyo ndiyo yenyewe, tuuze mtumbwi tukaitafute hata India. Mnashaurije?

Fundi_Mionzi
Pole sana mkuu. Nafanya kazi hizo, ila siyo Mwanza. Ya ndani iko hivi: wanapitisha kamera puani mpaka kwenye bomba la hewa, wanaacha mrija wa mpira wa unene wa kama milimita 2, wanaitoa kamera. Mashine inasukuma kipunje cha iridiamu-192, madini yanayotoa mionzi, ndani ya mrija huo, kinakaa dakika chache, kinarudi kwenye kasha lake. Mgonjwa habaki na mionzi mwilini, wajukuu wampakate tu.

Tatizo ni kwamba nguvu yake inaishia karibu sana, sentimita moja au mbili hivi. Uvimbe ukiwa umetambaa nje ya bomba, au umeshika mbavu, haufikiwi. Ya nje inaufikia wote.

Mnyakato
Mbona Ulaya wanaitumia basi? Au huku kwetu ndiyo tunapewa kilichopo?

Fundi_Mionzi
Hapana ndugu. Manchester, Uingereza, walizilinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 99, majibu yakatoka mwaka 2000: njia zote mbili zilisaidia, ila nafuu ya mionzi ya nje ilidumu zaidi, na wengi wa waliopewa ya ndani waliishia kuihitaji ya nje. Hao hao Ulaya, kwa mgonjwa ambaye hajawahi kupigwa mionzi, wanaanza na ya nje. Ya ndani wanaiweka akiba: mtu ameshapigwa ya nje, uvimbe umerudi na kuziba bomba, na kifua hakibebi tena dozi kubwa. Na ina hatari yake, damu nyingi kutoka ghafla, inaweza kuua.

MamaSengerema
Ya nje nayo siyo lelemama. Mume wangu koo lilimuwaka, tukawa tunampa uji wa uvuguvugu tu, baada ya muda likaisha. Kohozi la damu lilikata. Mwanangu, mwambie daktari mapema kwamba mzee anatoka kisiwani. Sisi tulipangiwa mara 2 tu, wiki kwa wiki, maana nauli ya meli na gesti zinamaliza hela. Na uliza morfini ya maji, inatuliza kukosa pumzi, msiiogope.

Fundi_Mionzi
Mama kasema kweli. Greyi (kipimo cha dozi ya mionzi) 17 kwa mara 2, au 10 kwa mara moja, ni mipango inayojulikana kwa mgonjwa aliyedhoofika.

KirumbaJuu
Asanteni. Na kama bomba limeshaziba kabisa?

Fundi_Mionzi
Hapo mionzi yoyote inachelewa. Linazibuliwa kwanza kwa kamera, kwa leza au kwa kuwekewa stenti, kibomba kinachoshikilia njia ibaki wazi, mionzi inafuata. Kaulizeni kwenye picha ya CT ya kifua: uvimbe uko ndani ya bomba, au unalibana kutoka nje? Shemeji awepo mnapouliza.