Tupeane uzoefu: kliniki inapofika kijijini, nani huifanya ikubalike?

Mwana wa Pate
Assalamu aleikum wana Lamu. Naanza mimi. Ni mhamasishaji wa afya ya jamii, kaya kama 100 ziko mikononi mwangu. Mkoba tulipewa 2023: mizani, mashine ya presha, utepe wa kupima mkono wa mtoto. Mwezi wa kwanza nikafukuzwa nyumba tatu. "Waja kutupimia umaskini?" mama mmoja aliniuliza mlangoni.

Nikamwendea mkunga wetu, bibi aliyezalisha nusu ya mtaa, tukarudi naye. Yeye alimpakata mtoto, mimi nikavisha utepe. Sentimita 12, manjano: lishe yake imepungua, ingawa hajafika nyekundu ya hatari. Bibi akamgeukia mama: "Mwanangu, huyu nilimpokea kwa mikono hii. Hakuwa hivi." Mama hakusema neno. Alichukua buibui lake, tukafuatana kituoni.

Nahodha mstaafu
Mimi si mtu wa afya, ni mtu wa boti. Shirika moja (jina nalihifadhi) lilipanga kliniki saa nne asubuhi bila kuuliza mtu. Tukafika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yamekupwa, boti ikakaa juu ya mchanga, chanjo ndani ya kasha la barafu, muuguzi akitazama saa. Kina mama walingoja hata wakarudi kupika. Siku hizi muuguzi hunipigia kabla hajaandika tarehe, nami namtajia siku ya maji. Mafuta wavuvi twachanga nusu.

Jirani wa Mpeketoni
Nyinyi mna maji, sisi tuna matope. Mvua ikianza hata bodaboda hataki kuja.

Mama Faza
Kwetu ni chakula. Tulifundishwa kwa picha ya karoti na tufaha. Tufaha, Faza! Mwenzetu akauliza, na papai je? Ndipo mafunzo yakaanza kweli. Sasa kikundi chetu hupika pamoja kwa watoto waliotimiza miezi 6: wali laini, tui, mchicha, samaki wa kuponda. Ila samaki wazuri huenda kwenye barafu ya tajiri, nyumbani huja vidagaa. Tukawaambia waume zetu: leteni hivyo hivyo. Hukaushwa, vikatwangwa na mifupa yake, vikaingia kwenye uji.

Mwana wa Pate
Na zile pakiti za tiba, za siagi ya karanga, za watoto wenye utepe mwekundu? Kwangu nazikuta zimegawiwa ndugu wote.

Mama wa Wanne
Mimi niligawa, sikatai. Watoto wanne wamekuzunguka, mmoja anafyonza kitu kitamu, utawafukuza wenzake? Mhamasishaji wetu hakunigombeza. Aliketi jamvini akauliza wakubwa wako chuoni (madrasa) saa ngapi. Tukapatana na mama mkwe, nyumba ya pili: mdogo apelekwe huko wenzake wakisoma, ale pakiti zake kwa utulivu, na mama mkwe amtunzie zilizobaki sandukuni, ufunguo kiunoni. Kabla ya Ramadhani utepe ulisoma kijani. Ufunguo bado hajaurudisha.