Mama ana saratani ya ulimi: kwa nini wakate na shingoni?

Binti wa Pongwe: Wakuu, mama yangu (58) alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, tukadhani jino linamkwaruza. Kikakatwa kipande kidogo cha kupima, majibu yakaja saratani. Uvimbe ni kama sentimita 2, na shingoni hakuna tezi iliyovimba. Daktari anataka kukata sehemu ya ulimi na kuondoa tezi za shingo kwa pamoja. Wajomba wanasema shingo isiyo na uvimbe iachwe, tena tuanze na mitishamba. Aliyepitia haya anisaidie: mtu anapona? Anaongea tena?

Mkongwe wa Temeke: Pole sana mdogo wangu. Mimi nilikatwa ulimi upande wa kushoto pamoja na tezi, na nipo, naongea. Shingo yangu nayo ilipapaswa ikaonekana haina kitu, maabara wakakuta saratani kwenye tezi moja. Kwa hiyo wajomba siwaungi mkono hata kidogo, na kila wiki ya mitishamba uvimbe unazidi kuzama.

Mimi mionzi ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ilinitesa kuliko kisu: Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita, mdomo umechubuka, mate yamekauka, ugali haupiti. Meno mabovu ya mama yang'olewe kabla ya mionzi, maana taya lililopigwa mionzi likishang'olewa jino kidonda hakifungi kirahisi. Herufi r bado inanisumbua, ila sokoni wananielewa vizuri.

Tabibu wa Kinywa: Dada, suala la shingo lilipimwa hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, India, kwa wagonjwa wa saratani ya kinywa ya hatua za mwanzo, wengi wao ya ulimi. Kundi moja liliondolewa tezi papo hapo, jingine likasubiri mpaka zivimbe. Matokeo yalitoka 2015: baada ya miaka 3 walikuwa hai 80% kwa kundi la kwanza, 67.5% kwa la pili. Muulize daktari pia kina cha uvimbe kwa milimita, upana peke yake hautoshi. Mionzi si ya kila mgonjwa, wataamua majibu ya upasuaji yakitoka.

Binti wa Pongwe: Asanteni sana. Leo usiku namsomea mjomba mkubwa. Mama anauogopa mpira wa puani wa kulishia.

Mkongwe wa Temeke: Mwambie unakera siku za kwanza tu. Uji uwe mwepesi, uchujwe, na kila akishalishwa mpitishe maji safi usizibe.