Nimekabidhiwa maktaba ya shule na vipindi vyangu viko palepale, bando la kuunga unga. Walimu na wakutubi naombeni ushauri

Mwl_KonaYaVitabu

Habari za muda huu wakuu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia, sekondari ya kata huku kanda ya kati. Muhula huu mkuu wa shule kanikabidhi maktaba, na nikisema maktaba mnielewe, ni chumba kina makabati ya vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), maboksi ya vitabu vya msaada vya Kiingereza ambavyo hakuna anayevigusa, na kompyuta moja ya mezani ambayo kwa bahati inawaka. Vipindi havijapunguzwa hata kimoja, zamu iko palepale, na posho ya kazi hiyo hakuna.

Sasa mimi hii kazi naipenda kwa kweli, sitaki kuwa yule mwalimu wa maktaba anayeshika ufunguo tu. Kinachonisumbua ni kwamba kila ninayemuuliza ananiambia vitu viko mtandaoni, ingia mtandaoni, lakini hakuna anayeniambia niingie wapi na nikishaingia nawafikishiaje wanafunzi ambao simu hawaruhusiwi shuleni na mtandao wetu unashika ukisimama karibu na tenki la maji. Halafu kuna suala la pili, nawaza kwenda kusoma diploma ya ukutubi kule SLADS, chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, ila wenzangu ofisini wananitisha kwamba nitapoteza daraja langu la ualimu. Wenye uzoefu naombeni mwongozo, hata kama ni mkali.

Nawasilisha.

MkutubiMstaafu

Hongera mwanangu, na pole. Nimefanya kazi maktaba za umma miaka mingi nikapita shule nyingi kukagua, nakuambia kabla ya mtandao anza na daftari. Rejista. Kila kitabu kilichomo humo ndani kipigwe muhuri wa shule na kipewe namba yake, andika mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, kimetoka wapi. Bila rejista hujui una nini, na siku mkaguzi akija au mkuu wa shule akihamishwa wewe ndiye utakayeulizwa vitabu viko wapi.

Mpangilio tumia Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, lakini usijitese na namba ndefu, shule ya kata namba tatu zinatosha. 400 lugha, 510 hisabati, 530 fizikia, 540 kemia, 570 biolojia, 900 historia na jiografia. Fasihi ni 800, ila ya Kiswahili iko mbali kidogo, 896.392, hiyo mimi nakushauri uipe rafu yake mlangoni kabisa, mtoto akiingia aione ya kwanza. Usimfiche mwanafunzi riwaya nyuma ya vitabu vya kiada.

Halafu nenda maktaba ya mkoa wako ujitambulishe. Bodi ya Huduma za Maktaba ipo tangu sheria ya 1963 na kuzishauri shule ni sehemu ya kazi yake, si hisani. Walimu wengi hawaendi kuuliza.

Fizikia_Kijijini

Mwalimu hapo kwenye mtandao nikusaidie maana niko mazingira kama yako. Kitu unachotafuta kinaitwa Kolibri, ni programu ya bure ya Learning Equality, inawekwa kwenye hiyo kompyuta yako moja na baada ya hapo haihitaji intaneti kabisa. Masomo unayaingiza kwa mafungu, wanayaita chaneli, kuna masomo ya video ya Khan Academy, kuna majaribio ya PhET, kuna hadithi za African Storybook, na unaweza kuyabeba kwenye flashi au hard disk kutoka sehemu yenye mtandao mzuri ukaja kuyamwaga shuleni. Kikubwa ukiunganisha kompyuta na ruta ya Wi-Fi, ruta tupu bila bando, vifaa vingine vinasoma kutoka kwenye kompyuta ile.

Utauliza vifaa gani. Vile vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022! Vingi vimelala kwenye droo au watoto wa nyumbani wanachezea gemu. Mshawishi mkuu wa shule vipindi vya maktaba walimu wawili watatu waje na vishikwambi vyao, wanafunzi wakae makundi makundi mwalimu akiwepo. Simu za wanafunzi hazijaingia hapo, sheria ya shule haijavunjwa.

PhET kwa walimu wa sayansi msiipuuze jamani, ni majaribio ya kuchezea kwenye skrini, wanayatengeneza Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, unalidaunlodi moja moja linafunguka kwenye brauza bila mtandao. Mimi shule haina maabara ya maana, saketi za umeme wanafunzi wanaziunga kwenye skrini kwanza, wanaona balbu inawaka, ndipo tunaenda kwenye betri na waya halisi za kuokoteza. Baadhi yapo hata kwa Kiswahili.

kalamu_nyekundu

Nyongeza kidogo, usisahau vya nyumbani. Maktaba Mtandao ya TET vitabu vya kiada viko humo bure, na kwa mtaala huu ulioboreshwa ulioanza 2024 kuna masomo ambayo nakala za karatasi shuleni zinagombaniwa, humo utavikuta. Tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, watu wanaifungua siku ya matokeo tu wakati kuna mitihani iliyopita na kuna ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Zile ripoti ni dhahabu. Zinakuonyesha swali, zinakuambia wengi walikosea wapi, mpaka mfano wa jibu zuri na jibu bovu kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Chapisha za masomo yote, bana kwenye faili, weka maktaba. Kidato cha nne watakuja wenyewe hujawaita.

Na kuna magrupu ya WhatsApp yana PDF za riwaya na tamthiliya zote za kidato cha tatu na nne, ukitaka nikuunge.

MkutubiMstaafu

Hapo kwa PDF za WhatsApp kalamu_nyekundu sikubaliani na wewe hata kidogo. Kitabu kilichoskaniwa bila ruhusa ni cha wizi, tuna sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na waandishi wetu wa Kiswahili wanaishi kwa shida tayari. Maktaba ya shule ikianza kugawa nakala za wizi inamfundisha mtoto kwamba kazi ya mwandishi haina bei.

kalamu_nyekundu

Mzee wangu nakuheshimu sana lakini darasa lina wanafunzi sabini na nakala nne za tamthiliya, mtihani ni ule ule wa mtoto wa Masaki, unataka niwaambie nini?

MkutubiMstaafu

Waambie wasome kwa zamu na kwa sauti. Nakala nne ni makundi manne, tamthiliya imeandikwa ili isomwe kwa sauti. Na mkuu wa shule aandike barua kwa mchapishaji, wapo wanaopunguza bei kwa shule, na kamati ya wazazi ichangie nakala chache kila mwaka. Najua ni polepole. Lakini ndani ya miaka mitatu utakuwa na kabati, yule mwenye PDF atakuwa na simu iliyojaa.

BintiTabora

Mimi niko na mzee kwa maktaba yenyewe, kilichomo kiwe halali maana kina muhuri wa shule. Ila nimeingia hapa kusema jambo ambalo naona limepitwa, Kiingereza. Dada hayo maboksi ya vitabu vya Kiingereza hayaguswi kwa sababu watoto wametoka darasa la saba wakisoma kila kitu kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza ghafla biolojia ni Kiingereza, jiografia Kiingereza. Kile kitabu cha msaada kwao ni ukuta. Sio wavivu.

African Storybook aliyoitaja Fizikia ndiyo dawa ya hapo, imeanzishwa na Saide ya Afrika Kusini, hadithi ni fupi zina picha, na hadithi ile ile unaikuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Leseni yao ni huria, unaruhusiwa kuchapisha, kutoa kopi, hata kutafsiri mwenyewe, kwa hiyo ule ugomvi wa PDF hapa haupo. Mimi nachapisha ya Kiingereza upande mmoja na ya Kiswahili upande wa pili, nabana kwa stepla, kidato cha kwanza wanazimaliza. Kuna wanaosema ni vitabu vya watoto wadogo, waache waseme, mtoto wa miaka kumi na nne aliyemaliza kitabu chake cha kwanza cha Kiingereza hajali kwamba kina picha ya mbuzi. StoryWeaver ya Pratham Books ya India nao wana Kiswahili, jaribu.

Afisa_Utumishi_Fulani

Nijibu la SLADS na kada maana ndilo lenye madhara ya mfukoni.

Kusoma hakukupotezei kitu. Kinachobadilisha mambo ni kuomba kubadilishiwa kada. Ukiwa mwalimu uko kwenye ngazi za mshahara za walimu, TGTS, na uko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Ukiomba kuwa mkutubi unahamia muundo mwingine, ngazi za TGS za watumishi wengine wa serikali, na unaingia kwa cheo cha kuanzia cha kada mpya kwa sifa ulizonazo. Kama una shahada ya ualimu na umeshapanda madaraja halafu unaingia ukutubi kwa diploma, utakuwa umeshuka. Wapo wanaobaki na mshahara wao wa zamani kama mshahara binafsi lakini hapo unasimama palepale mpaka mshahara wa kada mpya ukufikie. Na pia jiulize, shule ngapi za kata zina nafasi ya mkutubi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa?

Ushauri wangu, ruhusa ya masomo iwe ya maandishi kutoka kwa mwajiri, usiende kienyeji. Na kabla ya hapo ingiza maktaba kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, kama jukumu lako. Hii tangu ilipochukua nafasi ya OPRAS, ule mfumo wa zamani wa tathmini, watu wengi wanajaza vipindi vya darasani basi. Andika jukumu: kuendesha maktaba ya shule. Kazi ndogo ndogo chini yake: kusajili vitabu, kuendesha kipindi cha kusoma, na ushahidi weka, rejista, picha, idadi ya walioazima. Msimamizi wako akishaidhinisha, kazi yako ya bure imeingia kwenye kumbukumbu za serikali.

TeacherMachakos

Hamjambo ndugu zetu. Huku kwetu Kenya hali ni hiyo hiyo, mwalimu anapewa library juu ya masomo yake. Sisi tuna Kenya Education Cloud, maktaba ya mtandaoni ya KICD, taasisi yetu ya mitaala, nyinyi TET, tofauti ni jina. Mwalimu kitu kimoja nimeona kikisaidia, tafuta miongozo ya maktaba za shule ya IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, toleo la 2015, iko bure mtandaoni. Inasema wazi anayesimamia maktaba ya shule awe na mafunzo na awe na muda wa kuifanya kazi hiyo. Ukienda kwa mkuu kuomba upunguziwe masomo usiende na malalamiko, nenda na hiyo karatasi. Mkuu wangu hakunipunguzia masomo lakini alikubali kila darasa lipate kipindi kimoja cha library kwa ratiba, na hapo ndipo mambo yaligeuka, maana kabla ya hapo library ilifunguliwa saa ya lunch pekee na hiyo saa watoto wako kwa foleni ya chakula.

Mwl_KonaYaVitabu

Jamani asanteni sana, nimesoma majibu yote na nimeyanakili. Shikamoo mzee MkutubiMstaafu, rejista naanza wiki hii, kuna wanafunzi wa klabu ya Kiswahili wamekubali kunisaidia kupiga mihuri.

Afisa asante, hilo la kada limenituliza, nitabaki mwalimu kwanza, Bagamoyo nitaangalia baadaye kwa ruhusa ya maandishi. PEPMIS naifungua leo. Na pia nimewaza, tuna ule mkutano wa jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) hapa shuleni, mara nyingi tunajaza mahudhurio tunaondoka, nitaomba mmoja ufanyike ndani ya maktaba niwaonyeshe walimu wenzangu zile ripoti za NECTA za masomo yao.

BintiTabora dada yangu, hilo la hadithi za lugha mbili limenigusa sana kwa sababu nina mtoto mmoja kidato cha kwanza anaandika insha za Kiswahili mpaka unashangaa, ukimpa Historia ya Kiingereza ananyamaza. Naanza naye.

Fizikia nina swali. Nina flashi ya GB 64. Nilijaribu kukopi faili la Wikipedia la Kiwix, ile programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao, linakataa katikati linasema faili ni kubwa mno wakati nafasi ipo tele. Flashi mbovu?

Fizikia_Kijijini

Sio mbovu. Itakuwa imeformatiwa FAT32, mfumo huo haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata flashi iwe tupu. Hamisha vilivyomo kwanza maana vitafutika, halafu ifomati upya uchague exFAT, itapokea. Ila Wikipedia ya Kiingereza nzima na picha zake inazidi GB 90, haitaingia humo. Chukua ya Kiswahili ambayo ni ndogo, na ya Kiingereza chagua toleo lililopunguzwa, pale Kiwix yako mengi. Kompyuta yako ni Windows gani na RAM ngapi? Niambie nikuelekeze Kolibri ya kuweka.

Mwl_KonaYaVitabu

Windows 7, RAM 2.

Fizikia_Kijijini

Ya zamani hiyo, Kolibri matoleo mapya yanaweza kuisumbua. Fanya hivi, Kiwix na PhET weka kwenye kishikwambi chako, na kile kishikwambi weka pia apu ya Kolibri ya Android, kitumie hicho mpaka upate kompyuta nyingine. Ukikwama nitumie ujumbe wa ndani, jioni nakuwepo.